Konsoli ya Kiganjani: Istilahi Inayomlinda Mnunuzi

Nintendo ya Japani ilipoionyesha Switch 2 kwa mara ya kwanza, tarehe 16 Januari 2025, picha zake hazikuchelewa kufika Mbagala na Tegeta, jijini Dar es Salaam. Juni mwaka huohuo Microsoft na ASUS wakatangaza ROG Xbox Ally, nayo ikaingia sokoni Oktoba. Katika mabanda ya gemu ya Temeke na Kinondoni vijana walikuwa na mengi ya kusema juu ya vifaa hivyo: bei, chaji, bando, ubora wa picha. Walichokosa ni jina moja la kuviitia. Huyu anasema "PS ya mkononi", ingawa PS ni ya Sony na kifaa anachokizungumzia si cha Sony. Yule anasema "gemu ndogo". Mwingine anasema "tableti ya gemu". Wote wanaelewana vizuri hadi siku ya kununua, na hapo ndipo jina lisilo na mipaka linapomtia mtu hasara.

Makala haya yanapendekeza istilahi "konsoli ya kiganjani", yanaifafanua, na kuipima kwa vifaa vilivyopo sokoni.

Tuanze na neno "konsoli". Hii ni kompyuta iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchezea michezo ya video. Neno limetoka Kifaransa likapitia Kiingereza, na kabla ya zama za elektroniki lilitaja viegemeo vya ukutani na aina fulani ya meza. Katika Kiswahili linakaa vizuri kwenye ngeli ya I-ZI: konsoli hii, konsoli hizi. Mitaani bado halijazoeleka kwa sababu nafasi yake imeshikwa na PS. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, ndiyo iliyojaza mabanda ya uswahilini, na jina lake likawa jina la kila mashine ya aina hiyo. Kwa mazungumzo ya benchini hilo halina ubaya. Kwa tangazo la biashara, risiti, habari ya gazeti au kitabu cha shule, halitoshi.

Sambamba na konsoli lipo neno "gemu". Wapo wanaotaka tuseme "mchezo" peke yake, lakini Dar es Salaam mchezo una kazi nyingine. Kina mama wakisema wanacheza mchezo, wanazungumzia fedha wanazochangishana na kupokezana kwa zamu, na kijumbe akiwa ndiye mkusanyaji. Kwa hiyo "mchezo wa video" lifae maandishi rasmi, na "gemu" libaki kwa matumizi ya kila siku. Wazungumzaji wengine husema "gemu hii", wengine "gemu hili" na wingi "magemu". Mimi nashika "gemu hii", kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kwa redio, kompyuta na simu.

Sasa tufike kwenye kiini: ni kitu gani kinachoitofautisha konsoli ya kiganjani na nyingine? Historia inatupa jibu. Mwaka 1979 kampuni ya Marekani ya Milton Bradley ilitoa Microvision, kifaa cha kushika chenye kioo chake na gemu za kubadilisha. Mwaka uliofuata Nintendo ikatoa Game & Watch, kazi ya mhandisi Gunpei Yokoi. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona mfanyakazi akijiondolea uchovu wa safari kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Mwaka 1989 Yokoi na wenzake wakatoa Game Boy: kioo kisicho na taa wala rangi, na betri nne ndogo za kawaida. Washindani walikuja na vioo vya rangi. Game Gear ya Sega, iliyotoka mwaka 1990, ilihitaji betri sita na ikazimaliza kwa saa chache. Game Boy ilidumu na betri zake kwa muda mrefu zaidi, ikauzwa kwa bei nafuu, ikashinda. Pamoja na mwenzake wa rangi aliyekuja baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi aliamini kwamba teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ikitumiwa kwa akili mpya, huzaa kitu bora kuliko teknolojia mpya kabisa. Anayejua jinsi PS2 ilivyoendelea kulisha familia za wenye mabanda miaka mingi baada ya kutoka PS3 na PS4 hatabishana naye.

Sisi tulikutana na aina hii ya kifaa kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, mashine za plastiki kutoka China zilizoandikwa "9999 kwa 1" zilienea madukani. Ndani yake kulikuwa na matofali yanayoshuka, nyoka na magari, vyote kwa vidoti vyeusi. Baadaye wachache wakaiona PSP ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 2004. Tangu mashine ya matofali hadi Xbox Ally, jambo moja halijabadilika: kioo, vitufe, prosesa na betri vimo katika umbo moja, na mtu anacheza bila kuomba msaada wa kifaa kingine.

Kwa hiyo jina zuri ni lile linalolishika jambo hilo. Tuyapime majina yanayoshindana.

"Konsoli ya mfukoni" lilifaa Game & Watch. Leo kioo cha Switch 2 kina inchi 7.9, na Xbox Ally ina uzito wa gramu 670. Hakuna mfuko wa suruali unaozipokea.

"Konsoli ya kubebeka" linataja usafiri tu. PS2 nayo inabebeka: kijana anaitia begini akaenda nayo Yombo kwa binamu yake. Akifika anahitaji runinga, waya na umeme wa wenyeji. Kubebeka si kujitosheleza.

"Kishikwambi cha gemu" linavutia kwa kuwa kishikwambi ni istilahi iliyofanikiwa. Kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 wachache walikuwa wakiitumia. Makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, nchi nzima ikalizoea neno. Lakini sasa limeshakuwa na maana yake, kompyuta bapa ya kugusa kwa kidole, na kulipa kazi ya pili ni kulivuruga.

Yamebaki "ya mkononi" na "ya kiganjani". Yote mawili tumeyazoea kwenye simu. "Ya mkononi" ni pana mno, kwa sababu hata pedi ya PS huwa mkononi wakati gemu yenyewe iko kwenye mashine chini ya runinga. "Kiganjani" limekwenda mbali zaidi. Katika matumizi ya Tanzania, tangazo likisema huduma iko kiganjani, kila mtu anaelewa kwamba hahitaji kwenda ofisini wala kupanga foleni. Jambo linaanza na kumalizika pale alipo. Hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Tumelikuta neno limekwisha kubeba maana kabla hatujalikabidhi kifaa, na istilahi ya namna hiyo haihitaji kupigiwa kampeni.

Ufafanuzi ninaoupendekeza ni huu: konsoli ya kiganjani ni kifaa kilichotengenezwa mahsusi kwa michezo ya video, chenye kioo, vitufe, prosesa na betri katika umbo moja la kushikwa, na kinachoendesha gemu chenyewe bila kutegemea runinga wala mashine nyingine. Mpangaji wa Mbagala anayetafuta chumba ana neno lake kwa hali hii. Huuliza kama chumba kinajitegemea, yaani kama choo kimo ndani na luku ni yake peke yake. Swali hilohilo lifae hapa: inajitegemea?

Ulizeni swali hilo muone linavyochambua soko. PlayStation Portal ilitoka Novemba 2023 kwa dola 200 hivi, ina kioo cha inchi 8 na vishikio viwili, na kwenye picha inafanana kabisa na konsoli ya kiganjani. Lakini haiendeshi gemu yenyewe. Picha hutoka kwenye PS5 au kwenye seva za mbali na kuifikia kwa intaneti. Bila mtandao imara wa Wi-Fi, haichezi. Hiyo tuiite "kioo cha mbali". Mzazi wa Tandika anayedhani amemnunulia mwanawe konsoli kwa bei ya chini atakuwa amenunua kipande cha konsoli ambayo hana.

Tecno, jina linalojulikana kila kona ya Kariakoo, ilionyesha Pocket Go mjini Barcelona Februari 2024. Ina prosesa, vitufe na betri, lakini haina kioo. Mchezaji huvaa miwani maalumu inayomletea picha machoni. Kwa ufafanuzi wetu hii inakaa mpakani: inaendesha gemu yenyewe, lakini haijatimia bila miwani. Istilahi nzuri haifichi kesi za mpakani. Inatupa maneno ya kueleza upungufu uko wapi.

Simu je? Wachezaji wengi wa Dar es Salaam huchezea simu, na kwa gemu kama Free Fire au eFootball inatosha. Lakini simu haikutengenezwa mahsusi kwa michezo, na kidole kinachocheza kinaziba kioo kilekile kinachotazamwa. Switch 2 yenyewe ina sura mbili: ukiitoa kwenye kituo chake ni ya kiganjani, ukiirudisha inatoa picha kwenye runinga. Hiyo ni "konsoli mseto". Ile isiyoweza kucheza bila runinga, kama PS5, tuiite "konsoli ya runinga".

Majina yakishakaa sawa, hata maoni ya wachezaji yanasikika vizuri zaidi. La kwanza ni bei. Switch 2 ilitangazwa kwa dola 449.99 nchini Marekani, zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya usafirishaji na kodi. Gemu yake ya Mario Kart World ilipangiwa dola 79.99, na hata Wamarekani walilalamika. Kijana wa Keko anayenung'unikia bei hana kosa wala hayuko peke yake.

La pili ni bando, na hapa inahitajika istilahi nyingine. Baadhi ya gemu za Switch 2 huuzwa katika kadi ambayo ndani yake gemu haimo. Kilichomo ni kibali: unaichomeka, kisha unaipakua gemu nzima kutoka intaneti, na kila unapotaka kucheza kadi lazima iwemo. Napendekeza iitwe "kadi-ufunguo". Gemu kubwa za leo zinapita GB 20, na nyingine zinafika GB 60. Mtu anayenunua bando la siku anahitaji kujua tofauti ya kadi kamili na kadi-ufunguo kabla hajatoa pesa, maana gharama ya pili inaanzia pale anapodhani amemaliza kulipa.

La tatu ni umeme. Mgao wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 ulifunga mabanda mengi kwa saa nyingi, hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha umeme Februari 2024. Kifaa chenye betri kinavutia kwa mtu aliyepitia kipindi hicho. Hata hivyo Nintendo yenyewe inaitaja betri ya Switch 2 kuwa ya saa 2 hadi 6.5, kutegemea gemu.

La nne ndilo zito kuliko yote, na linatoka kwa wenye mabanda. Ingia banda lolote la Mtoni au Mwananyamala jioni. Runinga imefungiwa kwenye kisanduku cha nondo, nyaya za pedi zimezungushiwa solotepu mahali zilipokatika, benchi la mbao limekaliwa na wawili wanaocheza na sita wanaosubiri. Sarafu ya 200 au 500 inawekwa mezani kabla ya mechi, na anayefungwa anampisha mwenzake. Kijana akimwonyesha mwenye banda picha ya mashine mpya, mazungumzo huwa mafupi.

"Kaka, ukileta hii hapa utapata wateja."

"Dogo, wanacheza wangapi?"

"Wawili inawezekana."

"Na hawa wengine watatazama nini?"

Mwenye banda ameuliza swali la istilahi bila kulitaja. Kiganja ni cha mtu mmoja, benchi ni la mtaa. Konsoli ya runinga huzaa watazamaji, washangiliaji na zamu. Ya kiganjani humpa mtu mmoja faragha yake. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana Switch 2 imewekewa uwezo wa kumgawia gemu mwenzako aliye karibu mwenye mashine yake, lakini sharti naye awe na mashine. Kwa sababu hiyo sioni kwamba konsoli za kiganjani zitaua mabanda ya Temeke na Kinondoni. Ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na lugha inapaswa kuviita kwa majina mawili.

Baraza la Kiswahili la Taifa ndilo lenye dhamana ya kusanifu istilahi, na nalisihi lisiusubiri uwanja huu ukue wenyewe. Vijana wanaocheza gemu ni wengi, wanatumia fedha zao na za wazazi wao, na wengine watakuwa wabunifu wa gemu kesho. Wafanyabiashara wa Kariakoo nao wana sehemu yao. Kwenye kibandiko cha bei waandike kama kifaa ni konsoli ya kiganjani, konsoli mseto, konsoli ya runinga au kioo cha mbali, na kwenye gemu waandike kama ni kadi kamili au kadi-ufunguo. Ni maneno machache, yote ya Kiswahili kinachoeleweka, na kila mnunuzi ana haki ya kuyasoma kabla hajafungua pochi.