Historia na Nesi, sehemu ya 4: Ramu, ndimu na sukari

Jamani, wiki hii mmeniuliza sana kuhusu daiquiri, kile kinywaji cha ramu, ndimu na sukari ambacho watu wanajitengenezea nyumbani. Wengine wanauliza kama ni kweli zamani kilikuwa dawa. Nusu ni kweli, na nusu hiyo haihusu pombe hata kidogo.

Twende baharini kwanza. Mabaharia wa zamani walikaa miezi wakila biskuti ngumu na nyama ya chumvi, bila tunda wala mboga. Fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, mwisho mtu anakufa. Ndicho kiseyeye. Hata huku kwetu kilifika: Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikitoka India, baada ya karibu miezi 3 majini, watu 30 wamekufa njiani. Walimtuma mtu pwani akawatafutie wagonjwa machungwa. Wengi walikuwa wameshachelewa, wakafia hapo hapo Malindi.

Sasa ramu inaingiaje? Jeshi la majini la Uingereza liliwagawia mabaharia ramu kila siku, nusu painti kwa mtu, tena kavu! Ulevi ukazidi. Mwaka 1740, huko Karibi, Admirali Edward Vernon akaamuru ichanganywe na maji, kipimo 1 cha ramu kwa vipimo 4 vya maji, igawiwe mara mbili kwa siku. Mwenye uwezo aliruhusiwa kununua sukari na ndimu ili inyweke. Vernon alikuwa akivaa koti la kitambaa cha grogram, wakamwita Old Grog, na kinywaji kikaitwa grogi. Ramu, ndimu, sukari: daiquiri ni mjukuu wa grogi. (Na hiyo ramu na sukari vilitoka kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliopelekwa utumwani. Habari hiyo inataka sehemu yake peke yake.)

Mei 1747, James Lind, daktari wa meli ya Salisbury, alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye akawagawa wawili wawili. Kuna waliopewa siki, kuna walionyweshwa maji ya bahari, maskini. Wawili wakapata machungwa 2 na limau 1 kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku 6, lakini mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini! Ramu haikuwemo kabisa kwenye tiba zake.

Pamoja na hayo, jeshi lilianza kugawa juisi ya limau mwaka 1795. Lind mwenyewe alikuwa ameshauri juisi ipashwe moto mpaka iwe nzito ili isiharibike, kumbe moto unaua vitamini C. Halafu karne ya 19 wakaacha limau wakachukua ndimu za Karibi. Ndimu ina vitamini C kidogo kuliko limau, na juisi yake ilikaa sana kabla ya kunywewa. Kiseyeye kikawarudia, hasa waliokwenda ncha ya kaskazini.

Daiquiri yenyewe ina jina la sehemu iliyo karibu na Santiago de Cuba. Anayetajwa kuibuni ni Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi, mwishoni mwa miaka ya 1890. Kwa mtu mzima asiye na mimba: ramu nyeupe mililita 60, juisi ya ndimu mililita 30, sukari vijiko 2 vya chai. Koroga sukari na ndimu kwanza mpaka iyeyuke, ongeza ramu na barafu, funga kwenye chupa, tikisa, chuja.

Mama mjamzito, hapana, hata tone. Anayenyonyesha, pombe inapita kwenye maziwa. Bora uache, na ukinywa glasi moja subiri saa 3 ndipo umnyonyeshe. Na wale mnaoambiwa divai au ramu "inaongeza damu": haiongezi. Chukua ile ndimu, ukishaepua maharage au mchicha, ikamulie juu ya sahani wakati wa kula. Vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo humo. Usiikamulie sufuriani ikichemka.

Maswali weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.