Mwanga Uliua Vijidudu Kabla ya Penisilini

Hebu twende Munich, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, anapima sumu ya rangi iitwayo akridini kwa paramesia, viumbe vya majini vinavyoonekana kwa hadubini. Majibu yanamchanganya. Leo vinakufa haraka. Siku nyingine, dozi ni ile ile, vinadunda tu!

Kumbe siri ilikuwa mwanga. Gizani rangi haikuwa na makali, ikimulikwa inaua. Raab alichapisha haya mwaka 1900. Profesa wake, Hermann von Tappeiner, akaonyesha baadaye kwamba lazima oksijeni iwepo.

Mbona basi hatusikii hii stori? Kwa sababu 1928 Alexander Fleming alipata penisilini, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia antibiotiki zikawa jibu la kila kitu. Nani angehangaika na taa? Lakini Desemba 1945, kwenye hotuba yake ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya kwamba dozi ndogo zitawazoesha bakteria dawa. Tulisikia? Wapi! Bado tunanunua vidonge viwili vitatu dukani kama peremende. Sehemu ya dawa inatoka mwilini, inaingia kwenye maji taka, inakutana na bakteria wa hospitali na wa mitaani. Huko wanapeana jeni za usugu.

Ndiyo maana wanasayansi wamerudi kwa wazo la Raab. Rangi kama methilini bluu na porfirini zikipata mwanga huipa oksijeni nguvu, nayo hushambulia utando, protini na DNA ya bakteria kwa mpigo. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja. Hii inachoma nyumba nzima, kwa hivyo kujenga usugu ni kazi ngumu.

Si muujiza, tuelewane. Maji machafu huzuia mwanga, na rangi yenyewe lazima iondolewe kabla maji hayajafika mtoni.

Lakini jua tunalo. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa hapa Kenya: watoto wa Kimaasai waliokunywa maji yaliyoanikwa juani kwenye chupa za plastiki walipungukiwa na kuhara. Hapo ni jua tu, bila rangi yoyote.

Kwa hivyo wewe unayesoma kemia, usidhani historia hii ni ya Wajerumani pekee. Sura inayofuata inaweza kuandikwa hapa.