Kutoka Lelemama hadi Darasani: Vyama vya Wanawake wa Mombasa

Historia ya vyama vya wanawake katika kisiwa cha Mombasa, hasa vile vilivyojishughulisha na elimu na malezi ya vijana, haikuanzia katika ofisi za serikali ya kikoloni, bali ilianzia ngomani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wanawake wa Mji wa Kale walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake iliyochezwa na vyama vyenye majina, viongozi wa vyeo mbalimbali na mavazi ya sare. Vyama kama Ibinal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za vijembe, na ndani yake walichanganyika waungwana na wanawake waliozaliwa katika koo za watumwa wa zamani.

Masheikh wengi waliihesabu lelemama kuwa israfu, yaani matumizi ya mali yanayovuka mpaka wa dini, na lawama hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mashindano yalikula fedha nyingi. Hata hivyo, mwenye kuitazama kwa upande wa fedha tu huikosea haki. Chama kilihitaji kukusanya michango, kukumbuka aliyetoa na anayedaiwa, kumtuma mwalishi, yaani mwanamke anayepita nyumba kwa nyumba kualika, na kusuluhisha ugomvi kabla haujakivunja. Kazi hizo zote zilifanywa na wanawake wenyewe, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia darasani.

Wakati huo elimu ya msichana ilikuwa ni ya chuoni, kwa maana ya chuo cha Kurani, ambacho aghalabu kilikuwa nyumbani kwa mwalimu. Naye akishavunja ungo alitawishwa, yaani aliwekwa ndani asionekane na wanaume wasio maharimu wake, na masomo yakaishia hapo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, alihimiza Waislamu wawasomeshe watoto wa kike, na mwaka 1938 shule ya serikali ya wasichana wa Kiarabu ilifunguliwa Mombasa.

Miaka ya 1950, lelemama ilipokuwa ikififia, zilizaliwa jumuiya mbili zilizokuja kujulikana kwa majina ya Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyechunguza maisha ya wanawake Waislamu wa Mombasa kuanzia 1890 hadi 1975, ameonyesha kwamba jumuiya hizo zilirithi mengi kutoka vyama vya ngoma, ushindani ukiwemo, ila sasa ustadi wa kuchangisha na kukusanya watu uligeuzwa kuwa huduma ya elimu na ustawi wa jamii. Mwishoni mwa muongo huo wanawake wa Mombasa walidai pia haki ya kupiga kura, ambayo wanawake wa jamii ya Waarabu walikuwa wamenyimwa.

Miaka ya 1980 mkondo huo ulichukua sura nyingine, pale viongozi wa Waislamu wa Pwani walipoomba msaada wa Aga Khan ili watoto wao waingie shule za msingi wakiwa wameandaliwa. Mpango wa chekechea ulioanzia Mombasa chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said uliwafunza ualimu wanawake wa mitaa yenyewe, ukaunganisha mafunzo ya dini na michezo ya kujifunzia, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda.

Sehemu kubwa ya kazi hii ilifanyika barazani na ukumbini bila kuandikwa, na ndiyo maana kitabu cha Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Strobel kutokana na masimulizi ya wanawake wa Mombasa wenyewe, kina thamani kubwa. Familia za Mji wa Kale zenye picha, madaftari ya michango au barua za vyama hivyo zinaombwa zisivitupe. Zivihifadhi, na waandikaji wa historia wapewe nafasi ya kuvisoma wakati waliovitumia wangali hai kuvieleza.