Hewa ya Kiangazi katika Nchi ya Kahawa

Simameni kando ya Ziwa Kivu pale Minova siku moja ya mwezi wa kumi, mvua ikiisha kunyesha. Mtaona kisiwa cha Idjwi wazi, na upande wa kaskazini milima ya moto imesimama. Rudini mahali pale pale katika mwezi wa saba. Kisiwa hakionekani, milima haionekani. Jua ni jekundu kama sahani ya shaba, ziwa na mbingu vimekuwa kitu kimoja cheupe. Na siku ya Jumapili, kanisani, mahubiri yanakatwa na vikohozi vya watoto na vya mama wazee.

Wazee wetu husema: ni ukungu wa kiangazi, ndiyo desturi yake. Wamesema kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tutafute basi asili ya hewa hii, maana asiyejua chanzo cha ugonjwa atautibuje?

Chanzo cha kwanza ni majira yenyewe. Ziwa letu liko juu, karibu mita 1460 kupita bahari, na vilima vya kahawa vinapanda juu zaidi. Mvua huanza mwezi wa tisa na kudumu mpaka mwezi wa tano, ikipumzika kidogo katika mwezi wa kwanza na wa pili. Mvua ni mfagio wa Mungu: huosha hewa kila siku. Toka mwezi wa sita mpaka wa nane mfagio huo umewekwa. Usiku hewa ya baridi hushuka toka vilimani, hulala mabondeni, na moshi wa majiko hulala pamoja nayo mpaka jua la asubuhi liupandishe.

Tena moshi wote si wa kwetu. Katika Rwanda, juu ya mlima Mugogo, wataalamu waliweka vyombo vya kupima hewa. Vyombo hivyo vilionyesha kwamba masizi huzidi mara mbili kwa mwaka, katika vipindi viwili vya ukavu. Toka mwezi wa sita pepo huleta moshi wa mbuga zinazoungua kusini ya ikweta. Toka mwezi wa kumi na mbili huleta ule wa kaskazini. Basi moto wa jirani huingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi.

Chanzo cha pili ni mlima. Toka mwaka 1938 mpaka 1940 Nyamulagira ulitoa moto ulioshuka mpaka ukaingia ziwani karibu na Sake. Nyiragongo ulipasuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, ambapo mto wa moto ulipita katikati ya mji wa Goma, tena tarehe 22 Mei 2021. Lakini hata mlima usipopasuka, unapumua. Moshi wake wa kiberiti, ukichanganyika na mvua, huunguza majani ya maharagi na ya kahawa. Huko Rusayo na Sake umeharibu hata maji ya mvua ambayo watu huyakinga kwa kunywa.

Na kuna mazuku. Hiyo ni hewa nzito itokayo ardhini, haina rangi, hulala katika mashimo na mabonde madogo kati ya Goma na Sake, hasa usiku upepo ukitulia. Mbuzi akishuka humo, hapandi tena. Mtoto hufa mbele ya mkubwa, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Wazee waliyajua mahali pa mazuku, wakawakataza watoto. Makatazo yale hayakuwa ushirikina, yalikuwa elimu.

Chanzo cha tatu ni mikono yetu, na hapa historia ya kahawa inatufundisha. Mwaka 1928 serikali ya Wabelgiji iliunda Comité National du Kivu, na ardhi nyingi ikagawiwa walowezi. Wenyeji wengi wakawa wafanyakazi juu ya vilima vya babu zao. Uonevu huo hatuufichi. Lakini mikono ya baba zetu ilijifunza kazi ambayo imebaki. Mizizi ya mkahawa hulala karibu na uso wa ardhi, na moto ukipita huiua. Kwa hiyo chini ya kahawa hawakuchoma kitu: walitandaza majani ya migomba na nyasi, wakapanda grevilea kwa kivuli. Kahawa na moto havipatani.

Halafu mambo yaligeuka. Mwaka 1973 mashamba ya wageni yalichukuliwa na kupewa Wazairwa, na mengi yakaachwa porini. Mwaka 1989 mapatano ya nchi za kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda, karibu milioni, walifika pande za Goma. Wakapika kwa kuni za msitu wa Virunga, kwani mwenye njaa atapikia nini? Kisha vita vyetu wenyewe vikafuata. Palipoachwa kahawa pakalimwa mihogo na mahindi, na mwenye haraka husafisha shamba kwa kiberiti. Msitu ukawa makala.

Twende sasa jikoni. Shirika la Afya la Dunia limehesabu kwamba moshi wa kupikia uliua watu karibu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na katika hao watoto wadogo chini ya miaka mitano walipita 237 000. Hata Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliutaja moshi wa jikoni kati ya mambo yanayowaletea watu magonjwa. Nasi tunamwona mama amepiga magoti mbele ya mafiga, mtoto mgongoni, machozi yakimtoka, tunapita tukisema: chakula kitakuwa tayari saa ngapi?

Tufanye nini? Majira hatuyawezi, mlima hatuuwezi. Lakini wanaume, toboeni dirisha jikoni. Ni kazi ya siku moja. Kausheni kuni kabla ya kuzitia motoni. Mbabula yenye makala isiingie kamwe katika chumba cha kulala, maana hewa yake huua watu usingizini. Mabua ya mahindi yasichomwe, yatandazwe shambani kama chini ya kahawa. Pandeni grevilea mipakani, mpate kuni bila kwenda msituni. Na kahawa inayoanikwa mwisho wa mavuno iwe mbali na moshi: punje hunywa harufu, na mnunuzi huionja.

Mungu alipomwumba mtu alimpulizia puani pumzi ya uzima. Pumzi hiyo hatukuinunua. Tumeipokea, na jirani yetu ameipokea vilevile. Basi kiangazi kinachokuja, kabla ya kuwasha shamba, tumkumbuke yule mtoto akohoaye kanisani. Kisiwa cha Idjwi labda kitafichika bado, kwa kuwa moshi wa mbali utafika. Lakini ule wa kwetu usiongezwe juu yake.