Trauti wa Mlimani na Samaki wa Bondeni

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike jambo la historia kwa toleo hili la mkutano wetu, nadhani alitazamia habari za Vita vya Maji Maji au za reli ya TAZARA. Hayo yamekwisha andikwa na watu wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua samaki, na hasa samaki wa kuvuliwa kwa ndoana, mvuvi akiwa amesimama ukingoni. Wenzangu mliokuwa mkihesabu siku bwenini hadi Jumamosi, ili mteremke mtoni na fito zenu za mwanzi, hamtaniuliza kwa nini.

Katika habari hii wamo samaki wa namna mbili. Mmoja anaishi juu, katika vijito na mabwawa ya baridi ya Mufindi, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Wa pili, au tuseme jamii nzima ya hao wa pili, wanaishi chini katika Mto Kilombero, ambao hapa Ifakara haufiki hata mita 300. Mtu akisimama kwenye ukingo wa mteremko wa Mufindi asubuhi isiyo na ukungu hulitazama Bonde kama atazamaye uani kwa jirani. Maji ni yale yale: Mto Kihansi huanzia huko juu, huporomoka magengeni, kisha hujitia Kilombero. Lakini samaki wa juu hawezi kushuka akaishi, wala wa chini hawezi kupanda. Na wakubwa wa kikoloni waliwatazama samaki hao kwa macho mawili yasiyofanana hata kidogo.

Nianze na wa juu, kwa kuwa ni mgeni, na mgeni hupewa kiti kwanza. Trauti si samaki wa Afrika Mashariki. Yule wa kahawia alitoka Ulaya. Yule aitwaye trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini na upande wa Kamchatka. Waingereza walikuwa na tabia ya kuhama na vitu vyao, na samaki huyu alikuwa mmoja wa vitu hivyo. Mwaka 1864 mayai yake yalifika Australia na Tasmania kwa meli ya tanga iitwayo Norfolk, yamelazwa katika barafu kwa muda wa karibu miezi mitatu ili yasianguliwe njiani. Kwetu Afrika Mashariki alitangulia kufika Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule bwana aliyepata sifa kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai kutoka Scotland yakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Mwaka 1910 wakaja wale wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika ilipokuwa chini ya Mwingereza, trauti wakapandwa katika mito ya Kilimanjaro na Meru, na katika nyanda za juu za kusini ambako masetla walikuwa wakifungua mashamba ya chai.

Samaki huyu anataka maji ya baridi yanayokwenda kasi. Maji yakizidi nyuzi 20 za sentigredi huanza kuhangaika. Yakifika 25 maisha yake yamo hatarini, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Hutaga mayai katika changarawe safi, na maji sharti yapite juu yake bila kukoma. Kwa hiyo akitiwa katika bwawa lisilo na kijito kizuri kinacholilisha, atakua, atanenepa, lakini hatazaa. Mwenye bwawa hana budi kuleta vifaranga wengine kila baada ya muda. Ni mifugo kama kuku wa kisasa, ila anaogelea.

Na uvuvi wake ni kazi ya adabu sana. Katika bwawa la mlimani trauti huzunguka karibu na kingo alfajiri na jioni, akitafuta wadudu walioangukia majini. Mvuvi hutazama upepo unaelekea wapi, kwa kuwa upepo husukuma chakula upande mmoja na samaki hufuata. Hukanyaga polepole, maana kishindo cha mguu husikika majini. Hujihadhari kivuli chake kisilale juu ya maji. Chambo chake si mnyoo. Ni nzi wa bandia, amefungwa kwa manyoya ya ndege juu ya kindoana kidogo kuliko kucha, hurushwa kwa ufito mrefu unaopinda mbele na nyuma mpaka mshipi utue bila kurusha maji. Nakiri ni ufundi, na sioni aibu kuusifu. Hata mzee wa Kindamba angeutazama kwa heshima, ingawa pengine angeuliza familia italala njaa mpaka saa ngapi.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika vitabu vya sheria vya Tanganyika enzi ya Mwingereza mlikuwamo sheria iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya kumlinda trauti. Samaki wa kigeni, walioletwa kwa ajili ya starehe ya watu wachache, walikuwa na sheria yenye jina lao. Perege hakuwa nayo, kambale hakuwa nayo, wala ningu. Kijana wa kijijini aliyetega mtego katika kijito kilichopita nyuma ya nyumba ya babu yake aliweza kujikuta mhalifu, kwa kuwa katika kijito hicho alikuwa amepandwa mgeni anayevuliwa kwa cheti. Sisemi kwamba wakoloni hawakulijua Bonde. Walilijua. Mwaka 1929 ilitoka taarifa ya Telford kuhusu namna ya kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Mwaka 1935 Bwana na Bibi Culwick, pamoja na Mtema Towegale Kiwanga, walichapisha London kitabu kizima juu ya Wabena wa mito hii. Lakini kwa watawala wengi Bonde lilikuwa mahali pa mpunga na pamba. Samaki walihesabiwa kuwa jambo la wenyeji wenyewe.

Na wenyeji walikuwa na elimu yao. Mvua za masika hulijaza Bonde hata mto usijulikane ulipo na mbuga ilipo. Samaki hutoka mtoni wakaingia katika majani yaliyofunikwa na maji, huko huzaa, na vifaranga hukua mahali penye chakula tele na maadui wachache. Kuanzia mwezi wa Juni maji hurudi. Hapo ndipo Wandamba, watu wa mto kwa asili, huziba midomo ya vijito kwa nyua za matete na kutega migono, yaani mitego iliyosukwa, yenye mlango wa kuingilia usio wa kutokea. Samaki hubanikwa juu ya vichanja kambini, hufungwa matenga, na kupelekwa Ifakara, na kutoka hapo hupanda hata Mahenge. Ndoana ilikuwa chombo cha pili. Watu wazima walitega dhulumati usiku kwa ajili ya kambale wakubwa. Ndoana moja moja ya ukingoni ilikuwa ya watoto, wazee waliostaafu, na sisi wanafunzi.

Tofauti na mvuvi wa Mufindi, mvuvi wa ukingoni huku kwetu hakuhofia kivuli chake kumtisha samaki. Alihofia mamba. Kanuni zilikuwa tatu, na kila mtoto wa Ifakara alizijua kabla ya kujua kusoma: usikae mahali pamoja kila siku, usiingize miguu majini, usiiname kuosha samaki pale pale ulipomvulia. Kiboko naye ana njia zake za kupandia, na anayezikalia hana wa kumlaumu.

Yuko pia yule samaki wa meno, mwenye mistari ubavuni na taya kama mtego wa chuma, akataye mshipi wa kawaida kama uzi wa kushonea. Mwaka 1986 wataalamu waliwatenga samaki wa jamii hiyo wa mito yetu ya mashariki na kuwapa jina la Tanzania. Katika miaka hii ya karibuni wageni wamekuwa wakija mpaka Mto Mnyera na Mto Ruhudji, ile inayoungana huko juu kuumba Kilombero, kumvua samaki huyo kwa nzi wa manyoya, kwa namna ile ile ya trauti. Humpima, humpiga picha, kisha humrudisha majini. Hapa napenda msomaji atue kidogo. Starehe ya mlimani imeshuka bondeni, na safari hii haikuhitaji kuleta mayai katika barafu.

Wakati huo huo mto wenyewe umebadilika. Sisi tuliosoma miaka ya tisini tulivuka kwa pantoni. Leo liko Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, na watu hawafi tena mtoni kama katika ajali za kivuko za mwaka 2002 na 2016. Bwawa la Kihansi lilianza kutoa umeme kwenye mwaka 2000, na kila mmoja wetu amesikia habari za chura wake mdogo, aliyegunduliwa mwaka 1996, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, akarudishwa mwaka 2012 kutoka Marekani. Kilombero hutoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na tangu Desemba 2022 maji hayo yanajaza Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, nami nautumia kuandika haya. Lakini mkunga wa mto huzaliwa baharini na kupanda akiwa mdogo kama uzi, na kati ya bahari na Ifakara sasa umesimama ukuta wa mita 131.

Jambo la mwisho ni la mipaka. Pori Tengefu la Kilombero lilianzishwa mwaka 1952, na ndani yake watu waliendelea kuvua. Mwaka 2002 Bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Kisha ikaja mifugo kwa maelfu, ikaja operesheni ya mwaka 2012 ya kuiondoa, na mwaka 2023 sehemu ya pori hilo ikapandishwa daraja kuwa Pori la Akiba. Mimi ni mtumishi wa Serikali na najua sababu za hatua hiyo. Nyavu za macho madogo na makokoro yamewamaliza vifaranga, na sheshe, ambaye zamani wengi wa jamii yake duniani walikuwa hapa, amebaki haba. Hata hivyo mvuvi wa kambi, ambaye babu yake alitega mgono mahali pale pale, sasa anahitaji ruhusa ili avue ndani ya mpaka. Naona ni haki kuuliza kama ruhusa hiyo itapatikana kwake kwa urahisi ule ule inavyopatikana kwa mgeni mwenye ufito wa thamani ya ng'ombe wawili. Wapo wenzetu wa shule hii walio katika ofisi zinazohusika. Wanajitambua.

Namalizia kwa ombi. Kila namna ya mgono ilikuwa na jina lake, na kila mdomo wa kijito ulikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Wenye wazee walio hai huko Merera, Utengule na Malinyi wawaulize majina hayo, wayaandike pamoja na jina la kijito, na kumpelekea Mhariri kabla ya masika.