HAKEEM OLAJUWON: KIJANA WA LAGOS ALIYECHELEWA KUANZA



Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Kuna maneno mawili ambayo sisi vijana tunayapenda sana. La kwanza huja na Ramadhani: "Niwache, mimi nimefunga." Mwanafunzi hafungui kitabu, fundi hashiki nyundo, na mchezaji haonekani uwanjani mpaka Idi. La pili linasemwa mwaka mzima: "Mimi nishachelewa." Huyu amemaliza kidato cha nne hajui afanye nini, yule amefika miaka ishirini anaona wenzake wametangulia, bas anakaa barazani kuhesabu magari. Leo nataka tumwangalie Mwislamu mmoja wa Afrika ambaye historia yake inayajibu maneno yote mawili. Wengi mnamjua kwa sifa zake za mwisho. Mimi nataka tuitazame zaidi miaka yake ya mwanzo, maana hapo ndipo penye funzo.

Hakeem Olajuwon alizaliwa Lagos, Nigeria, tarehe 21 Januari 1963, katika familia ya Kiislamu ya Kiyoruba. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa saruji. Alisoma katika chuo cha walimu cha Kiislamu hapo Lagos, na michezo yake ilikuwa mpira wa miguu, ambapo alikuwa kipa, na mpira wa mikono. Mpira wa vikapu je? Mpaka anafika miaka 15 alikuwa hajaucheza. Hebu fikiria, ndugu yangu. Huko Marekani mtoto hupewa mpira wa vikapu akiwa na miaka mitano au sita. Huyu alikuwa ameshaota ndevu ndipo anaonyeshwa namna ya kuudunda.

Lakini Mungu hatupi kazi ya mja wake. Ule ukipa ulikuwa umemfundisha kupima mpira unakoelekea na kuuwahi kwa mikono, na kukimbia kwenye mpira wa miguu kulimpa miguu myepesi ambayo watu warefu kama yeye, wa karibu futi saba, kwa kawaida hawana. Miaka mingi baadaye Wamarekani waliipa jina ile namna yake ya kumzungusha mlinzi kwa miguu na mabega mpaka mlinzi hajui aende wapi. Waliiita "Dream Shake". Asili yake ni viwanja vya Lagos.

Mwaka 1980, akiwa na miaka 17, alikwenda Marekani kujiunga na Chuo Kikuu cha Houston, jimbo la Texas. Usidhani alipokewa kwa mashada ya maua. Alipofika uwanja wa ndege hakukuta mtu wa kumlaki. Alipopiga simu chuoni akaambiwa apande teksi! Msimu wa kwanza hakuruhusiwa kucheza mechi rasmi, akawa wa mazoezi tu. Msimu wa pili, 1981 hadi 1982, alikuwa akitokea benchi, na wastani wake ulikuwa pointi 8.3 kwa mechi. Kwa ufupi, alikuwa mtu wa kawaida.

Hapo ndipo watu wawili walipomsaidia. Kocha wake Guy Lewis alimshauri akajipime na Moses Malone, na Malone akakubali kucheza naye. Malone wakati huo alikuwa mchezaji wa Houston Rockets, na alikuwa ameshatunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi nzima ya NBA. Wakati wa likizo walikutana katika ukumbi wa Fonde mjini Houston, ukumbi wa umma tu, na humo Malone hakumhurumia. Alimsukuma, akambana, akamtupia mpira juu ya kichwa. Kijana wa Lagos alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Aliporudi chuoni hakuwa yule wa mwanzo.

Msimu wa 1982 hadi 1983 timu yao ikawa gumzo la Marekani nzima. Yeye na Clyde Drexler na wenzao walikuwa wakiruka na kuuzamisha mpira kikapuni hata magazeti yakawapa jina la utani, "Phi Slama Jama". Walishinda mechi 26 mfululizo mpaka fainali ya vyuo, tarehe 4 Aprili 1983, dhidi ya North Carolina State. Kila mtu alijua Houston watashinda. Sekunde ya mwisho mchezaji wa North Carolina State akarusha mpira kutoka mbali, haukufika hata kwenye chuma, mwenzake Lorenzo Charles akaudaka hewani na kuutumbukiza. 54 kwa 52. Hakeem alichaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo ingawa timu yake ilishindwa, lakini kikombe kilienda kwa wengine. Mwaka uliofuata walifika fainali tena, na wakafungwa na Georgetown ya Patrick Ewing, 84 kwa 75. Ukiongeza nusu fainali waliyopoteza 1982, ni miaka mitatu mfululizo ya kufika mlangoni na kurudishwa.

Ndugu msomaji, wengi wetu tungeacha hapo, na tungeongeza kusema kuna jicho la hasidi.

Mwezi Juni 1984 Houston Rockets walimchagua namba moja kati ya wachezaji wote wapya wa NBA, Mwafrika wa kwanza kupata nafasi hiyo. Michael Jordan mwaka huo alichaguliwa wa tatu. Rockets walikuwa timu hoi. Msimu wa kabla yake walishinda mechi 29 tu kati ya 82. Alipoingia Hakeem wakashinda 48. Mwaka wake wa kwanza alipata wastani wa pointi 20.6 na ribaundi 11.9, yaani ile mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa. Pamoja na Ralph Sampson, aliyekuwa mrefu kumshinda, watu wakawaita "Minara Pacha".

Mwaka 1986, katika msimu wake wa pili tu, waliwatoa Los Angeles Lakers, mabingwa watetezi, kwa mechi nne kwa moja. Lakini hapa pana jambo ambalo wasifiaji wake hulipita haraka. Katika mechi ya tano, ile waliyowatolea Lakers, Hakeem hakuwa uwanjani mwishoni. Alikuwa amepigana na Mitch Kupchak wa Lakers na refa akamfukuza. Kikapu cha ushindi alikifunga Sampson. Kwenye fainali wakashindwa na Boston Celtics, nne kwa mbili. Na hasira zile hazikuwa za siku moja. Miaka hiyo alikuwa mwepesi wa kugombana na marefa na wapinzani. Kipaji kilikuwa kimejaa, pesa zipo, jina lipo. Kuanzia 1988 hadi 1991, hata hivyo, Rockets walitolewa raundi ya kwanza kila mwaka.

Na dini je? Hakeem mwenyewe ameeleza kwamba alipofika Marekani swala na msikiti vilimponyoka, kama vinavyowaponyoka wengi wanaokwenda mbali na mama zao. Kisha akaonyeshwa kwamba Houston ina msikiti, akasikia adhana, na moyo ukarudi nyumbani. Akaanza kuswali kwa wakati, akaisoma dini yake upya akiwa mtu mzima, tena nyota wa ligi. Tarehe 9 Machi 1991 alitangaza kwamba jina lake liandikwe Hakeem. Miaka yote hiyo lilikuwa likiandikwa "Akeem". Nyinyi mliopita madrasa mnajua uzito wa jambo hili. Ile ha ya kooni ikiondoka, neno lenye maana ya mwenye hekima linabaki sauti tupu. Alikuwa anadai herufi moja, na nyuma ya herufi ile ilikuwa dini yake nzima.

Yaliyofuata mnayajua. Mwaka 1994 alikuwa bingwa, mchezaji bora wa msimu, mlinzi bora, na mchezaji bora wa fainali, na waliyemshinda kwenye fainali ni New York ya Patrick Ewing yule yule wa 1984. Mwaka 1995 wakachukua tena, safari hii akiwa na Drexler, rafiki yake wa chuo. Na mwaka huo Ramadhani iliingia mwanzo wa Februari, katikati ya msimu. Mechi nyingi za NBA ni za usiku, lakini zipo za mchana, na hizo alizicheza bila hata tone la maji. Mwezi ulipokwisha, mchezaji bora wa Februari akawa yeye. Alifunga saumu na akafunga vikapu. Mambo ya ruhusa ya msafiri waulizeni masheikh wenu, mimi siyaingilii. Ninachosema ni kwamba saumu haikuwa sababu yake ya kulegea.

Tuchukue nini basi? Kwanza, kuchelewa kuanza si kukosa. Ulichojifunza kwingine hakipotei, hata kama ni ukipa wa mtaani. Pili, mtafute Malone wako, mtu anayekushinda, na urudi kwake kesho. Tatu, kipaji bila utulivu wa nafsi kinaweza kukutoa uwanjani siku yenyewe ya ushindi. Wazee wanaosema mpira unawapoteza vijana wana haki kuogopa, na kweli wako waliopotea. Jibu letu kwao lisiwe maneno. Liwe adhana ikilia, watuone tunaweka mpira chini tunaelekea msikitini, na baada ya swala tunarudi mazoezini.

Basi ewe ndugu yangu uliyekaa barazani, bado siku za mwezi zimebaki. Anza leo.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na atuamshe vijana wa umma huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.