Kitita na Kima: Maneno Mawili ya Bima ya Afya

Mama anayeshuka na kuni kutoka miteremko ya Uluguru kuja Morogoro mjini hukagua kamba kabla ya kujitwika. Kamba ikilegea, kijiti kimoja huchomoka, kisha cha pili, na tita zima hupukutika njiani.

Tita hilo likipachikwa kiambishi ki-, huwa kitita, na ofisi za bima zimelichukua neno hilo. Kitita ni fungu la vitu vilivyokusanywa pamoja. Mitaani tuna kitita cha fedha. Kitita cha mafao ni jumla ya huduma zinazolipiwa na bima: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, kujifungua. Wengi walilizoea neno hili Machi 2024, pale Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipoanza kutumia kitita kipya na baadhi ya hospitali binafsi zikakipinga kwa sababu ya bei.

Lakini kitita hakisemi ukubwa wake. Vijiti vitatu vikifungwa, navyo ni kitita. Chukua Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa: kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma zikaanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mkulima wa Matombo, kitita kilifika Morogoro mjini; akipewa rufaa ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kilikuwa kimekwisha.

Sasa tuje kwenye bima binafsi. Kampuni ikiachwa ijipimie, itauza kadi ya bei nafuu isiyogusa uzazi wala maradhi sugu, na mnunuzi atagundua akiwa dirishani. Kwa hiyo nchi nyingi huweka mpaka. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2010, ilitaja makundi 10 ya huduma ambazo bima nyingi za mtu binafsi lazima ziwe nazo. Kwetu Tanzania, tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, tunazungumzia mafao ya msingi na mafao ya ziada.

Neno msingi lina mtego. Aliyepita shule ya msingi hulisikia kama hatua ya mwanzo, kwa hiyo hudhani mafao hayo ni panado na kipimo cha malaria. Fundi anayejenga mlimani hulisikia vingine: msingi ndio unaobeba nyumba.

Kwa mpaka wa kampuni binafsi, mimi ningependa tuseme kima cha chini cha mafao. Kima hiki, si yule wa msituni, tunakijua kutoka kwenye mishahara: mwajiri anaruhusiwa kupandisha, haruhusiwi kushuka. Kitita kibaki, kwa kuwa hujibu swali la nini kimo. Kima cha chini hujibu kipi hakiruhusiwi kuchomolewa, na hilo ndilo swali la kamba.